Kodi ya Miezi Sita Inamfungia Nani Mlango?



Wakati wa likizo, tukiwa katika utume parokiani, tulimsindikiza kijana mmoja kutafuta chumba Kilwa Masoko. Alikuwa amepata kibarua. Chumba kilipatikana siku ileile, na bei ya mwezi aliimudu. Hata hivyo, usiku ule alilala tena kwa rafiki yake, kwa sababu mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Tangu siku hiyo hatuyapokei hivi hivi maneno ya watu wanaolinganisha kodi za miji yetu. Husemwa kwamba Dar es Salaam ni ghali, Mtwara na Lindi ni afadhali, na Kilwa ni rahisi. Hesabu hiyo hutazama bei ya mwezi tu. Tuchukue mfano. Chumba cha shilingi 30,000 kinachodaiwa miezi sita, ukiongeza kodi ya mwezi mmoja anayochukua dalali, kinahitaji shilingi 210,000 mkononi. Chumba cha shilingi 50,000 kinacholipwa mwezi kwa mwezi, pamoja na dalali, kinahitaji 100,000. Kwa asiye na akiba, chumba cha bei ndogo ndicho ghali.

Tuangalie pia namna watu wa pwani wanavyopata riziki. Mama anayetafuta pweza mwambani hupata wakati wa bamvua. Maji mafu yakija, mkono unakuwa mtupu. Mvuvi wa dago huwafuata samaki: leo yuko Somanga, kesho Kivinje. Mkulima wa korosho hushika fedha baada ya mnada, mwishoni mwa mwaka. Huyu wa mwisho anaweza kulipa kwa mkupuo. Wale wawili tunawataka watoe fedha ambazo maisha yao hayazileti kwa pamoja.

Jambo hili litakua. Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko, na kwa miaka mingi Likong'o, karibu na Lindi Mjini, imetajwa katika mpango wa kiwanda cha gesi. Wageni wakija, vyumba vitagombaniwa. Sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo mengi yamebaki kwenye maelewano ya watu wawili, na mmoja wao ana haraka ya mahali pa kulala.

Hatusemi wenye nyumba ni watu wabaya. Wengi wao ni wajane na wastaafu wenye vyumba viwili vitatu. Kodi ya miezi sita ndiyo inayonunua bati na saruji. Tena wapo wapangaji wanaohama usiku na kuacha deni. Hofu yao ni ya kweli.

Darasani tunasoma kwamba kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino mtu ana haki ya kumiliki mali, lakini katika kuitumia akumbuke kwamba vitu vya dunia ni kwa mahitaji ya wote. Chumba kinachokaa kitupu kikisubiri mwenye fedha za miezi sita, huku kibarua akilala sakafuni kwa watu, kinatuuliza swali hilo.

Tunapendekeza tuanze na jumuiya ndogo ndogo. Mwanajumuiya mwenye vyumba akubali kodi ya mwezi mmoja au miwili. Jumuiya imdhamini mpangaji isiyemfahamu vizuri baada ya kumtembelea na kujua kazi yake, na mkataba uandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi pwani hii, wanaijua amana vizuri; tuwashirikishe.

Kila Noeli tunawasikitikia Yosefu na Maria waliokosa nafasi Bethlehemu. Sisi wenye vyumba Masoko, Kivinje na Lindi, wangetukuta tunadai miezi mingapi?