Shahada ya uchumi, ndoto ya uuguzi: ni nini kinachomkwamisha mhitimu wa Kigali?

Katika makutano ya Sonatubes, yaliyorithi jina la kiwanda cha mabomba, barabara za Kigali zinaachana. Moja inapanda kuelekea Remera na uwanja wa ndege, nyingine inateremka Rwandex na Gikondo, na ya tatu inakwenda Kicukiro, Gahanga na hatimaye Bugesera. Gikondo ndiko iliko kampasi ya Chuo Kikuu cha Rwanda inayofundisha biashara na uchumi. Remera iko kampasi ya masomo ya tiba na afya. Kwa basi ni mwendo mfupi. Kwa mtu aliyekwisha kuhitimu uchumi na sasa anataka kuwa muuguzi, ni safari ya miaka.

Wanaoifikiria safari hiyo wana sababu. Mwaka 2023 Wizara ya Afya ya Rwanda ilizindua mpango uitwao 4x4, wenye lengo la kuongeza idadi ya wahudumu wa afya mara nne katika muda wa miaka minne. Wakati huo nchi ilikuwa na takriban daktari, muuguzi au mkunga mmoja kwa kila watu 1,000, ilhali kiwango kinachotajwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, ni zaidi ya wanne. Kijana mwenye shahada ya biashara ambaye barua zake za maombi ya kazi hazijibiwi hawezi kuacha kulitazama pengo hilo kwa jicho la matumaini.

Lakini wengi hukosea wanapodhani kwamba kikwazo ni umri au karo peke yake. Karo ni mzigo, hilo halina ubishi, hasa kwa aliyekwisha kutumia fungu lake la mkopo wa masomo katika shahada ya kwanza. Hata hivyo mlango hufungwa mapema zaidi, na aghalabu mwombaji aliufunga mwenyewe akiwa na miaka kumi na mitano au kumi na sita, bila kujua. Chuo kinachopokea wanafunzi wa uuguzi hutazama matokeo ya sekondari ya juu, na hutaka ufaulu katika baiolojia na kemia. Aliyesoma historia, uchumi na jiografia, kisha akapata shahada nzuri, bado hana kemia. Shahada haisimami mahali pa somo hilo.

Ndipo hujitokeza jambo linaloweza kumshangaza mtu. Mafunzo ya uuguzi ya ngazi ya A2, yaani ya sekondari, yalisitishwa mwaka 2007 ili taaluma iinuliwe hadi stashahada ya juu, A1, na shahada, A0. Mwaka 2021 serikali ilirejesha mafunzo ya aina hiyo kwa sura mpya, ikianza na shule saba, ili kupata wauguzi wasaidizi kwa haraka. Kundi la kwanza lilimaliza mwaka 2024. Kwa hiyo kijana aliyetoka mwaka wa tatu wa sekondari anaweza kuvaa sare ya uuguzi baada ya miaka mitatu, ilhali mhitimu wa chuo kikuu mwenye miaka thelathini huenda akahitaji kwanza kurudia mitihani ya sayansi, kisha asome miaka minne ya shahada, kisha aukabili mtihani wa leseni wa Baraza la Kitaifa la Wauguzi na Wakunga. Si kwamba sera hiyo ni mbaya. Wodi zinahitaji mikono sasa. Ila sera iliyobuniwa kwa ajili ya kijana haimtazami mtu mzima.

Kwingineko wameshughulika naye. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Saint Louis kilianzisha mwaka 1971 mafunzo ya uuguzi ya muda mfupi kwa watu wenye shahada za fani nyingine, na leo programu za namna hiyo, nyingi za miezi 12 hadi 18, ni jambo la kawaida nchini humo. Wasifu wake husimuliwa sana. Sharti lake husahauliwa. Huko nako mwombaji hutakiwa awe amesoma anatomia, mikrobiolojia na mara nyingi kemia kabla ya kupokelewa. Kinachofupishwa ni muda wa masomo ya jumla, sayansi haiguswi. Pengine Rwanda inahitaji zaidi mwaka mmoja wa masomo ya daraja kwa wahitimu wa fani nyingine, kuliko shahada ya mkato.

Wapo wanaouona uuguzi kama tikiti ya ndege. Hao wazingatie kwamba mwaka 2023 WHO iliiweka Rwanda katika orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na Uingereza inawazuia waajiri wake kwenda kuajiri katika nchi hizo. Mtu binafsi hazuiwi kuomba kazi mwenyewe, ila mawakala wanaoahidi makubwa wapimwe kwa mizani hiyo.

Na ipo hatari ya kazi yenyewe. Mlipuko wa Marburg uliotangazwa Septemba 27, 2024 ulithibitishwa kwa watu 66, na 15 kati yao walifariki. Wengi wa waliougua walikuwa wahudumu wa afya. Anayebadili fani akiwa na mke au mume na watoto hulipima jambo hili tofauti na mwanafunzi asiye na familia, na ana haki ya kulipima.

Hata hivyo mhitimu huyo haendi mikono mitupu. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na hospitali za Kigali hupokea wagonjwa kutoka mashariki mwa Kongo na nchi jirani. Uuguzi hufundishwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa huyataja maumivu kwa lugha ya nyumbani. Aliyekulia Biryogo anaweza kumwuliza mama aliyetoka Bukavu maumivu yalianza lini, na akaelewa jibu bila mkalimani. Fomu ya maombi ya chuo haina sehemu ya kuandika hilo; ina sehemu ya alama za kemia.