BOSI SIO BABA! Stori ya mzee wa MGM iwafungue macho mliosaini

Wadau, kuna msanii mmoja wa kike, jina kapuni, kamwagia bosi wake sifa mtandaoni: eti "wewe ni baba yangu". Komenti zote makopakopa. Mimi nikasonya. Sio wivu, ni kwamba hii muvi nilishaiona na mwisho wake naujua.

Ilichezwa Hollywood, steringi Louis B. Mayer. Mtoto wa wahamiaji kutoka Urusi, baba yake aliuza vyuma chakavu Canada. Mwaka 1907 akafungua ukumbi wa sinema Haverhill, Massachusetts. 1924 akawa bosi wa studio ya MGM. Kufika 1937 alikuwa analipwa zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka. Kwenye kupambana, mpeni maua yake.

Ila mzee alipenda kuiita studio familia, yeye ndo baba. Baba gani sasa? Mwaka 1933 uchumi ulipoanguka, aliwakusanya watu wake akawaomba wakubali kukatwa nusu mshahara kwa wiki nane. Akalia machozi kabisa! Wakakubali. Mwaka uliofuata wakakatwa tena, mshahara wa siku moja, kumchangia mgombea ugavana wa California anayetakiwa na mabosi.

Hata Oscar mnayoililia, taasisi yake ilianza kama wazo la Mayer mwaka 1927, na lengo mojawapo lilikuwa kuzuia wafanyakazi wasiunde vyama vyao. Tuzo zilikuja baadaye.

Muulizeni Judy Garland. Alisaini MGM 1935 akiwa na miaka 13. Akaambiwa mnene, akabaniwa chakula. Mwenyewe alikuja kusimulia walivyopewa vidonge vya kukesha kazini, halafu vingine vya kulala. 1950 studio ikaachana naye. 1969 akafariki kwa kuzidisha vidonge vya usingizi, miaka 47 tu.

Siri ilikuwa kwenye mkataba. Kwa kawaida miaka saba: studio inaweza kukutema njiani, wewe huwezi kuondoka. Ukikataa muvi unasimamishwa bila malipo, na siku hizo zinaongezwa mwishoni. Yaani miaka saba haiishi!

Aliyekata mnyororo ni Olivia de Havilland, wa Warner Bros. Hakuandika posti ya machozi, alitafuta wakili. Mwaka 1944 mahakama ya rufaa ya California ikasema miaka saba ni miaka saba ya kalenda, basi.

Najua mtasema "bila bosi angekuwa nani?" Sawa, bosi kamtoa. Lakini na yeye kanunua nyumba kwa jasho la nani? Deni la shukrani halilipwi kwa maisha yako yote.

Na Mayer mwenyewe? 1951 wakubwa wa kampuni waliokuwa New York walimtosa kwenye studio yenye jina lake. Baba kafukuzwa nyumbani! Kumbe hata kwake ilikuwa ajira tu.

Kwa hiyo dada yangu, jina kapuni, futa hiyo posti, utoe mkataba kabatini. Angalia kitu kimoja tu: nani anaruhusiwa kuondoka? Kama ni yeye peke yake, huyo sio baba.

Haya, fungukeni kwenye komenti. Matusi hapana.