Muziki Hukatikia Kwenye Pini

Juzi kijana mmoja wa muziki wa kukodi aliniletea amplifaya, akisema imeungua. Niliipima, nikakuta ni nzima. Nikaomba anipe na waya wa spika, nikafungua pini. Nyuzi tano au sita tu za shaba zilikuwa bado zimeshika. Nyingine zote zimekatika na kuwa nyeusi. Maharusi walikuwa ndiyo kwanza wanaingia ukumbini, muziki ukanyamaza, na mkosaji alikuwa pini ile. Maneno yanayotufikisha huko nayasikia kila siku kwa mafundi wenzangu, na leo nayajibu.

"Jeki zinatosha, tumezitumia tangu zamani."

Tumezitumia, ndiyo, na tumelipa gharama yake. Jeki ya milimita 6.35 ilianzia kwenye swichibodi za simu, ambako umeme ni mdogo sana. Amplifaya inayotoa wati 500 kwenye spika ya omu 4 inasukuma ampea 11 hivi, na kwenye jeki mzigo wote huo unapita pale tu vyuma vinapogusana, mahali padogo mno. Tena haina kufuli: mtu akijikwaa kwenye waya, inachomoka. Na inapochomoka au kuchomekwa, ncha yake hupita ikigusa chuma cha upande wa pili. Amplifaya ikiwa inawaka, hiyo ni shoti. Yenye ulinzi mzuri itajizima. Isiyo nao itaunguza transista.

Pini ya speakON, iliyoletwa na kampuni ya Neutrik ya Liechtenstein mwaka 1987, ilitengenezwa kwa kazi hii hasa. Unaichomeka, unaizungusha kidogo kulia, inajifunga. Vyuma vyake vimefichwa ndani, kidole hakivifikii, na havigusani njiani.

"Basi tutumie pini za maiki, nazo zina kufuli."

Kufuli zinazo, lakini hatari yake ni kufanana. Wati 500 kwenye omu 4 ni kama volti 45. Siku mnapofunga mitambo gizani kwa haraka, mtu akachomeka waya huo kwenye mikisa, mahali pa maiki, mikisa imekwenda. Waya wa spika uwe na pini isiyoingia kwingine.

"Waya ni waya. Hata wa gitaa utapiga."

Kwa nje zinafanana kweli. Ukate wa gitaa uone: uzi mmoja mwembamba katikati, umezungukwa na wavu wa kuzuia kelele. Wa spika una nyaya mbili nene zinazolingana.

Tupige hesabu. Chukua waya wa spika wa mita 20. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 40 za shaba. Shaba ikiwa ya milimita za mraba 0.75, ukinzani wake unakaribia omu 0.9. Kwenye spika ya omu 4, karibu moja ya tano ya nguvu ya amplifaya inaishia kupasha waya joto. Weka wa 2.5, upotevu unashuka hadi asilimia 6 hivi. Na waya wa gitaa, uzi wake huwa mwembamba hata kuliko huo wa 0.75.

"Tia risasi kwenye ncha za waya, ndipo ukaze skrubu. Itashika zaidi."

Hili ndilo lililomponza yule kijana. Risasi ni laini: ukiibana kwa skrubu, inaendelea kubonyea taratibu, na baada ya safari kadhaa za gari kwenye barabara mbovu, skrubu imelegea. Muungano uliolegea hupata moto, na shaba ikawa nyeusi. Pale risasi inapoishia, nyuzi hugeuka ngumu na ndipo zinapokatikia.

Menya waya kwa kadiri ya tundu tu, usokote nyuzi zote ziingie, kisha ukaze. Kama una vile vikopo vidogo vya shaba vya kubana kwa koleo, vivalishe kwanza. Halafu funga kishikio cha ganda juu ya plastiki ya waya, ili anayevuta waya asivute nyuzi. Risasi iache kwenye pini za kuchomea.

"Nimejaribu, spika inalia. Kazi imeisha."

Hata yule kijana alijaribu mchana kwa sauti ndogo, ikalia. Jaribu tena sauti ikiwa imepanda kidogo, huku ukitikisa waya karibu na kila pini. Ikikwaruza au kukatika, fungua. Kisha gusisha betri ya volti 1.5 kwenye waya wa kila spika, chanya kwa chanya: koni isogee mbele kwa zote. Moja ikirudi nyuma, nyaya zimepishana, na besi ya spika mbili itafutana.

Shughuli hiyo haimalizi hata nusu saa. Aliyetukodi ana usiku mmoja tu wa harusi, na hatuwezi kumrudishia.