GMAT: Wingi wa majaribio si mtaji

Mwaka 2024 ada ya mtihani wa GMAT nchini Marekani ilikuwa dola 275 kwa anayeufanyia kituoni na dola 300 kwa anayeufanyia nyumbani kwa kompyuta yake. Kwa viwango vya kubadilishia fedha vya mwaka huo, dola 275 ni zaidi ya shilingi laki saba za Tanzania, na hapo mtahiniwa hajalipia fomu ya maombi ya chuo hata kimoja. Mfanyabiashara wa Kariakoo anajua fedha hiyo ingezunguka mara ngapi kwa mwezi. Kinachoshangaza ni kwamba wengi wanaotafuta nafasi ya kusomea MBA huilinda fedha hiyo kwa uangalifu mkubwa, kisha hufuja bidhaa nyingine adimu zaidi waliyopewa bure.

Bidhaa hiyo ni mitihani ya majaribio. Baraza la GMAC, ambalo ndilo mwenye GMAT, hutoa majaribio kamili sita yanayokokotoa alama kwa utaratibu ule ule wa mtihani wenyewe. Mawili ya kwanza ni ya bure, manne yanayobaki huuzwa. Sita tu. Akishayamaliza, mtahiniwa hulazimika kurudia, na anaporudia hukutana na baadhi ya maswali anayoyakumbuka. Alama hupanda, moyo hufurahi, lakini uwezo uko pale pale.

Pamoja na uchache huo, lipo kundi linalofanya jaribio kamili kila Jumamosi. Linatazama alama, linasikitika, linafunga kompyuta na kusubiri Jumamosi nyingine. Wiki ya kwanza 535, ya pili 545, ya tatu 525. Mwenye duka akihesabu mali kila jioni bila kuagiza chochote, rafu hazijai. Kuhesabu kunamwonyesha pengo lilipo, na kazi ya kuliziba huanza baada ya hapo.

Tabia hii ina chimbuko. Sekondari za hapa nchini zimelea vizazi vilivyokesha na pepa za miaka iliyopita, kwa imani kwamba swali la mwaka juzi litarudi. Mara nyingine lilirudi. GMAT haiendi hivyo. Tangu mwaka 1997 unafanywa kwa kompyuta, na kompyuta huchagua swali linalofuata kwa kutazama jinsi mtahiniwa alivyojibu yaliyotangulia. Anayepatia huletewa magumu zaidi, anayekosa huletewa mepesi. Jirani wawili wanaoanza saa moja hawapati karatasi moja. Kwa hiyo mitihani iliyotolewa fotokopi, hata ikiwa mia, haiwezi kumwonyesha mtu alama atakayopata.

Watetezi wa majaribio mengi wana hoja, na haifai kuidharau. Mwaka 2006 watafiti wa saikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa wanafunzi waliosoma habari kisha wakajipima walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko wale waliorudia kuisoma. Baada ya dakika 5 hali ilikuwa kinyume, wenye kurudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Kujipima, basi, hufundisha. Lakini wanafunzi wale walijipima juu ya kile walichokuwa wamekisoma. Hoja hiyo inatetea mazoezi madogo ya kila siku, maswali 10 au 15 ya mada iliyotoka kusomwa, ambayo yapo tele na kwa bei nafuu. Haitetei kuchoma majaribio kamili sita katika wiki tatu.

Faida ya jaribio kamili hutoka kwenye saa tatu au nne zinazofuata, pale mtahiniwa anapokaa na daftari na kuandika kila kosa pamoja na sababu yake. Hakujua kanuni? Alisoma swali vibaya? Alikosea kujumlisha? Au muda ulimwishia? Makosa manne hayo yana dawa nne tofauti, na alama ya mwisho haisemi ni lipi. Chukua mfano ambao mfanyabiashara yeyote angedhani ni wake. Bidhaa ya shilingi 1,000 imepandishwa bei kwa asilimia 25, kisha ikapunguzwa kwa asilimia 20. Anayeharakisha hujibu kwamba bado iko juu kwa asilimia 5. Kumbe 1,000 imekuwa 1,250, na asilimia 20 ya 1,250 ni 250, hivyo bei imerudi pale pale. Aliyekosa swali hili huenda anajua asilimia vizuri kabisa. Kumwambia arudie sura nzima ya asilimia ni kumpotezea wiki. Alichokosa ni kutulia.

Wahasibu nao wana ugonjwa wao. Katika sehemu ya takwimu yapo maswali yasiyotaka jibu, yanayouliza tu kama taarifa zilizotolewa zinatosha kupata jibu. Mhasibu hukokotoa mpaka senti ya mwisho, kazi ambayo hakuna aliyemtuma, huku saa inakwenda. Muda wenyewe ni mfinyu. Kila sehemu ni dakika 45: hesabu maswali 21, lugha na hoja 23, takwimu 20. Ni kama dakika 2 kwa swali. Kalkuleta inaruhusiwa kwenye takwimu pekee, tena ile ya kwenye skrini. Anayejipima hesabu huku simu iko mkononi anajidanganya kwa mizani iliyochezewa.

Mwenye kununua vitabu vya mtumba naye aangalie mwaka. Toleo la sasa la mtihani lilianza Novemba 2023. Insha imeondolewa, jiometri imeondolewa, na maswali ya kusahihisha sentensi yameondolewa. Alama zilizokuwa 200 hadi 800 sasa ni 205 hadi 805, na namba hizo mbili hazilingani: 645 ya sasa iko karibu na 700 ya zamani. Kitabu cha zamani bado kinafaa kwa ufahamu na kwa hesabu za kawaida, lakini bei yake ishuke ipasavyo.

Kuhusu wanaouza "maswali yenyewe", jambo hilo lilishafika mahakamani. Mwaka 2008 mahakama nchini Marekani iliamuru fidia ya zaidi ya dola milioni 2 kutokana na tovuti ya ScoreTop, iliyokuwa ikiuza maswali halisi. GMAC ikafuta alama za watahiniwa 84. Walilipia mzigo wa magendo, wakapoteza mzigo na ada.

Kinachobaki ni ratiba. Jaribio la kwanza la bure lifanywe mwanzoni kabisa, mtu ajue anaanzia wapi. Mengine yapangwe kwa umbali wa wiki mbili au tatu, baada ya mapengo ya awali kufanyiwa kazi, kwa muda kamili na kwa mapumziko ya dakika 10 tu kama yalivyo kwenye mtihani. Anayeanguka anaruhusiwa kurudia baada ya siku 16, kwa ada nyingine kamili. Kuahirisha nako kunalipiwa, na ada yake hupanda kadiri siku ya mtihani inavyokaribia. Wengi huweka jaribio lao la mwisho juma lile lile la mtihani, wakati kubadili tarehe kumeshakuwa ghali kupita kiasi. Jaribio la kuamua kwenda au kungoja linapaswa kufanywa mapema, kabla ada ya kuahirisha haijapanda.