Hamira, Jua na Ngozi Yetu

Toleo hili linaanza na hamira, si na hospitali. Bugarama, wilayani Ngara, iko chini ya digrii tatu kutoka ikweta, tena mwinukoni, na kadiri ardhi inavyopanda ndivyo miale ya urujuanimno inavyozidi ukali. Mkulima wa migomba huku anashinda juani. Ana haki ya kujua jua hilo linamfanya nini ndani ya seli, na hamira iliyomo kwenye pombe yake ya ndizi inaweza kumwonyesha.

Ndizi mbivu zikishakamuliwa kwa nyasi, maji yake yakatiwa unga wa mtama na kufunikwa, hayakawii kutoa povu. Hiyo ni kazi ya hamira. Ni kiumbe cha seli moja, lakini kikipigwa na jua kinapata jeraha lilelile letu: herufi mbili jirani kwenye uzi wa DNA hugandana, na kazi ya kuunakili uzi hukwama. Hamira hujitibu kwa namna mbili. Ya kwanza inastaajabisha: kimeng'enya chake hunasa mwanga wa bluu na kwa nguvu hiyo hiyo hubandua herufi zilizogandana. Jua linatibu kidonda cha jua! Sisi binadamu hatuna kimeng'enya hicho. Ya pili tunayo: protini kadhaa hukata kipande chenye kasoro, kisha pengo hujazwa kwa kufuata uzi wa pili ulio mzima.

Jeni za kazi hiyo ya pili zinafanana mno kwetu na kwa hamira. RAD3 ya hamira ndiyo XPD ya binadamu, na mtoto anayerithi XPD mbovu anaweza kuugua zeroderma pigmentosamu, akaota saratani ya ngozi angali mdogo.

Ualbino ni jambo jingine, na tunalisema wazi kwa kuwa watu huyachanganya. Mwenye ualbino hana hitilafu katika kukarabati DNA. Anachopungukiwa ni melanini ya kuzuia miale, hivyo majeraha humiminika kuliko seli zinavyoweza kuyaziba. Kwa hiyo kofia pana na mafuta ya kukinga jua, kama Kilisun yaliyoanzia hospitali ya KCMC, Moshi, ni dawa, na mahali pake ni kila zahanati ya Ngara na Biharamulo.

Tunadai jambo la pili, kwa ajili ya shule. Marekani wanafunzi hutumia hamira iliyoharibiwa jeni tatu za ukarabati, ambayo jua la dakika chache tu huiua. Hamira hiyo iletwe sekondari za Kagera. Mwanafunzi aipande kwenye sahani na aziweke juani, moja wazi, moja chini ya kitenge, nyingine chini ya plastiki iliyopakwa mafuta ya kukinga jua, kisha ahesabu mwenyewe madoa ya hamira yaliyoota katika kila moja.