Stenmark alipunjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu kuhusu bingwa wa Sweden wa mbio za kuteleza kwenye theluji, Ndugu Ingemar Stenmark. Wapo wanaosema kwamba hakuwa bingwa kamili. Mimi nasema alipunjwa, na sababu ninazo.

Kwa wasioujua mchezo huu, mshindani hufunga mbao mbili ndefu miguuni na kuteremka mlimani juu ya theluji. Katika slalomu hukata kona baina ya vijiti vilivyosimikwa. Slalomu kubwa ni vivyo hivyo, ila vijiti vimeachana zaidi. Mbio za mteremko ni kushuka kwa kasi inayopita kilometa 100 kwa saa.

Stenmark alizaliwa mwaka 1956, akakulia Tärnaby, kijiji kidogo cha kaskazini mwa Sweden. Kazi yake ilikuwa slalomu na slalomu kubwa. Mbio za mteremko hakuzitaka. Kwa michezo hiyo miwili tu alitwaa Kombe la Dunia la jumla mwaka 1976, 1977 na 1978.

Hapo wakubwa wa mchezo wakabadili hesabu. Katika msimu wa 1978/79 mshindani alihesabiwa matokeo yake matatu bora tu katika kila mchezo. Msimu huo Stenmark alishinda mbio 13, zikiwemo mbio zote kumi za slalomu kubwa. Kwa hiyo katika zile kumi, tatu zilihesabiwa, na saba zikaenda bure katika hesabu ya jumla. Alishika nafasi ya tano, na kombe likaenda kwa Peter Lüscher wa Uswisi.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu na kusahihisha ndiyo kazi yangu. Mwanafunzi akipata majaribio kumi, nami nikamwandikia matatu kwa sababu tu anawazidi mno wenzake, mzazi wake atakuwa na haki ya kuja kuniuliza.

Nakubali kwamba waliotunga kanuni walikuwa na hoja. Bingwa wa jumla inafaa apimwe katika michezo yote. Basi wangeongeza uzito wa mbio za mteremko, au wangetoa tuzo maalumu kwa anayeshiriki zote. Kufuta ushindi ambao mtu ameutolea jasho ni jambo jingine kabisa.

Septemba 1979 Stenmark alijaribu mazoezi ya mteremko huko Italia. Alianguka vibaya na kupoteza fahamu. Hata hivyo, Februari 1980 alikwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Lake Placid, Marekani. Katika slalomu kubwa alikuwa wa tatu baada ya mzunguko wa kwanza, na katika slalomu alikuwa wa nne. Zote mbili alizimaliza na medali ya dhahabu.

Mwaka 1984 alipunjwa tena. Alizuiwa kwenda Olimpiki ya Sarajevo kwa kuwa alikuwa na leseni iliyomruhusu kupokea mwenyewe fedha za matangazo. Bingwa wa dhahabu mbili akakosa nafasi ya kuzitetea.

Siku hizi kanuni zote mbili hazipo. Matokeo yote ya msimu huhesabiwa, na wanamichezo wa kulipwa hushiriki Olimpiki. Wakubwa walijirekebisha, nami nawapongeza, lakini kwa Stenmark, aliyestaafu mwaka 1989, marekebisho yalikuja kwa kuchelewa.

Hata hivyo, hesabu moja hawakuweza kuigusa. Alishinda mbio 86 za Kombe la Dunia: 46 za slalomu kubwa na 40 za slalomu. Hakuna aliyeizidi idadi hiyo hadi Machi 2023, Mikaela Shiffrin wa Marekani aliposhinda mbio yake ya 87, tena huko Åre, Sweden. Kwa wanaume rekodi bado ni ya Stenmark.

Kwa hiyo nawaomba wanaosimulia habari zake kwa vijana, wakifika mwaka 1979 wasiishie kusema alikuwa wa tano. Waseme pia kwamba alishinda mara 13.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini