Tukitembelea jamaa inchi ya kigeni, tutoke nje ya nyumba



Kila mwanzo wa mwaka wa masomo tunasikia habari ileile uwanjani. Mmoja alikuwa Kampala, mwingine Bujumbura, mwingine Nairobi kwa baba mdogo. Ukimwuliza, "Uliona nini kule?" anakuonyesha viatu. Ukiuliza tena, anakuambia kwamba televisheni ya baba mdogo iko kubwa sawa mlango. Basi, ni vile tu. Wiki nne katika inchi ya watu, na mtu anarudi na viatu!

Mimi nasema ile si kutembea. Najua wengi watanijibu kwamba pesa ya jamaa ni ya kusaidia jamaa, si ya kupanda bisi na kuangalia vitu. Neno lile lina nguvu, na nitalijibu chini.

Kwanza, kuna jambo letu sisi watu wa Goma. Tunavuka mpaka tangu utoto, lakini mara nyingi tunavuka mbio. Wazazi wetu walivuka kwenda Gisenyi tarehe 17 Januari 2002, wakati moto wa Nyiragongo uliingia mjini. Sisi wenyewe tulivuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Mimi nilikuwa na miaka 13, na godoro kichwani. Tena tangu vita ilipoingia ndani ya mji Januari 2025, ukisema "safari", wengine wanasikia "kukimbia". Na mtu anayekimbia haangalii inchi. Anahesabu watoto, anatafuta maji na pahali pa kulala. Kwa hiyo tuko wengi ambao tumefika kwa jirani mara mbili, mara tatu, na hatujapaona hata siku moja. Ndiyo sababu nasema, safari ya amani ikipatikana tusiimalize kwenye kiti.

Chukueni mfano wa safari ya kwetu, likizo kubwa ya 2024. Tulikuwa watu saba: koko, mama, mama mkubwa, na sisi watoto wanne. Tulikuwa tunaenda kwa mjomba, Kampala. Njia ni Gisenyi, Kigali, Gatuna, Kabale, Mbarara, Masaka. Zaidi ya kilomita 600. Pale Gatuna pekee ni somo. Kwetu na Rwanda gari zinapita mkono wa kuume. Ukiingia Uganda, zinapita mkono wa kushoto, vile Waingereza waliwaachia. Na saa inaruka moja mbele. Mdogo wangu alikuwa anavuka barabara akiangalia upande mbaya, siku tatu tulimshika shati.

Wiki ya kwanza tulikaa. Chai, televisheni, wali, kulala. Watoto wa mjomba walizaliwa kule, wanasema Luganda na Kiingereza, Kiswahili chao ni kidogo sana. Walimsalimu koko vizuri, wasichana wakapiga magoti vile desturi ya Waganda inataka, kisha kimya. Koko alikaa katikati ya wajukuu zake sawa mtu anayengoja zamu yake ofisini. Alikuwa amepita njia yote ile kwa ajili yao, pengine kwa mara ya mwisho, na hakukuwa neno.

Kimya kile kilivunjika sokoni. Mama alikuwa anatafuta mboga, akachukua koko na wajukuu wawili. Koko akashika lengalenga, mtoto akasema, "Dodo!" Koko akashika kiazi kitamu; mtoto, "Lumonde!" Walipofika kwa samaki wadogo wakavu, koko akasema "sambaza" na mtoto akasema "mukene," wakabishana kila mtu na lugha yake hadi muuzaji akacheka. (Si samaki ileile, lakini jikoni kazi yao ni moja.) Tangu siku ile yule mjukuu alimfuata koko kila pahali. Televisheni ingewaka mwaka mzima bila kufanya hiyo kazi.

Nyuma ya hapo tukaomba mjomba atupeleke Jinja, karibu kilomita 80. Mama mkubwa alikataa: "Mutaenda kuona maji? Kwani kule Kivu hakuna maji?" Lakini tulienda, na yeye akapanda. Jinja ni pale mto Nile unatoka katika Ziwa Victoria. Vitabu vinasema Speke alifika hapo mwaka 1862. Watu wa Busoga walikuwa wanachota maji hapo zamani bila kuandikia mtu barua. Maporomoko aliyoyaona yeye hayaonekani tena, yalifunikwa na maji ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954. Nikamweleza mama mkubwa vile tulisoma katika jiografia: mto wetu wa Rutshuru unaingia Ziwa Edward, kutoka pale Semliki unapeleka maji mpaka Ziwa Albert, na Nile unapita palepale. Akafikiri kidogo, kisha akasema: "Kumbe maji yetu inafika Misri bila pasipoti!" Neno lile alilirudilia kwa kila mtu tuliyemkuta.

Makumbusho ya Uganda, iliyoanza mwaka 1908, nayo tuliiona. Mimi nilipenda ngoma na zeze za zamani, wadogo walichoka.

Kwenye njia ya kurudi, kisha Kampala mbele ya Masaka, kuna mstari wa ikweta pale Kayabwe. Watu wanashuka, wanapiga picha, vijana wanawaonyesha maji yanayozunguka kuume na kushoto. (Ulizeni mwalimu wa fizikia kabla ya kutoa shilingi zenu.) Nilicheka moyoni, kwa kuwa mstari uleule unapita jimbo letu, kati ya Lubero na Butembo, na sijasikia mwanafunzi akijisifu juu yake.

Lakini safari iliyokuwa na faida kupita zote ni ile ambayo watu wa nyumbani walitukataza: "Musipoteze siku kule, hakuna kitu ya kuona." Ni Nakivale, kambi ya wakimbizi upande wa Mbarara. Pahali pale panapokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na leo kuna zaidi ya watu 100,000, Wakongomani wengi sana. Dada mdogo wa koko anaishi kule tangu vita ya 2012. Miaka kumi na mbili hakuna mtu wa jamaa alikuwa amefika kwake. Wageni wa Kampala walikuwa wanapita Mbarara ndani ya bisi, wanakula chapati, wanaendelea.

Alitupikia sombe. Kisha akataka majina: nani yuko, nani hayuko. Koko akayataja moja kwa moja, na kazi ile ilichukua mchana mzima. Waliposhikana mikono sisi watoto tulitoka nje, tukamsaidia mjukuu wake kupukusa mahindi.

Sasa ninajibu wale wa pesa ya jamaa. Nauli yetu sisi saba, kutoka Mbarara mpaka Nakivale na kurudi, haikufika bei ya viatu ambavyo binamu yangu alivaa uwanjani mwaka jana. Tuliacha sabuni, chumvi na kitenge kimoja. Kama pesa ya jamaa ni ya jamaa, yule mama aliyesahauliwa kambini si jamaa? Na tungejua njia ya kwake namna gani, kama tungebaki salo kwa mjomba?

Neno la mwisho ni kwa upande wa wenye nyumba. Wageni saba kwa wiki tatu ni mzigo. Wakitoka asubuhi, mama wa nyumba anapumua. Wakirudi, waoshe sahani. Hili halihitaji maneno mingi.

Najua pia mwaka huu wengi hatutavuka mpaka wowote. Lakini shangazi wa Sake au wa Bukavu naye ana mtaa wake, soko lake na wazee wake, na mara nyingi tunaijua salo yake tu.

Mwenye kukataa haya aandike. Ukurasa wa toleo lijalo uko wazi, na karatasi zipelekwe kwa kamati ya gazeti kabla ya mitihani.

Mkubwa wa wanafunzi, darasa la mwisho